Monita Tatu kwa Simulata ya Ndege Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Tulioko Kigoma

Ukiruka kwenye simulata, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, mzunguko wa kutua njia ya kurukia namba 34 ya Uwanja wa Ndege wa Kigoma, kuna kipande cha safari ambacho monita moja haikusaidii kitu. Unaelekea kusini, mji na ziwa viko kuliani, njia ya kurukia iko kushotoni, nawe unatakiwa uitazame ikipita usawa wa bawa mpaka ibaki nyuma yako kwa nyuzi 45, ndipo ukate kona. Kwenye monita moja unaona anga na pua ya ndege tu. Unabonyeza kitufe cha kugeuza kichwa, picha inaruka, na ukirudi mbele unakuta bawa limelala na mwinuko umepungua. Rubani wa kweli hapati taabu hiyo kwa sababu pembe za macho yake hazifumbi.

Ndiyo maana watu huongeza monita. Lakini nimeona meza zenye monita tatu nzuri ambazo mtu akikaa anapata kizunguzungu, na nimeona monita za ofisini zilizochoka zikitoa mandhari ambayo unasahau kama uko chumbani kwako mtaani Mwanga. Tofauti ni pembe. Pembe ambayo programu inachora lazima iwe sawa na pembe ambayo kioo kimewekwa mezani, ikipimwa kutoka kwenye macho yako. Hatua zote zinazofuata zinahudumia jambo hilo moja.

Anza na futi ya kupimia

Kabla hujaulizia bei, kaa kwenye kiti utakachotumia, shika usukani au fimbo yako ya kuongozea, weka miguu kwenye pedali kama unazo, kisha mtu mwingine apime kutoka kwenye jicho lako hadi pale ambapo kioo cha monita ya kati kinaweza kukaa. Wengi wanapata kati ya sentimita 60 na 75. Namba hiyo iandike.

Sasa upana wa kioo. Usidanganywe na inchi za dukani, maana zile ni za mshazari, kutoka kona hadi kona. Kioo cha inchi 22 cha umbo la 16 kwa 9 kina upana wa sentimita 48.7, cha inchi 24 ni 53.1, cha inchi 27 ni 59.8, cha inchi 32 ni 70.8.

Chukua nusu ya upana, gawa kwa umbali wa macho, tafuta kinyume cha tan (tan⁻¹) kwenye kikokotoo cha simu kikiwa kwenye nyuzi, halafu zidisha mara mbili. Hiyo ndiyo pembe ya kuona ya monita moja. Inchi 24 kwa umbali wa sentimita 60: 26.55 gawa kwa 60, unapata takribani nyuzi 48. Monita tatu ni nyuzi 143 au 144. Ukizisogeza hadi sentimita 70 zinashuka kuwa nyuzi 41.5 kila moja, jumla kama 125. Inchi 27 kwa sentimita 70 ni nyuzi 46 kila moja.

Linganisha na runinga moja ya inchi 43 kwa sentimita hizo 70: nyuzi 68 tu. Runinga inavutia mgeni akiingia sebuleni, lakini kwa kazi ya kutazama bawa, monita tatu ndogo zinaiacha mbali.

Jambo moja usitarajie. Hata nyuzi 143 zinakupa takribani 71 kila upande, kwa hiyo bawa lililoko nyuzi 90 bado halijaingia. Kwa ile kona ya mwisho utageuza mtazamo kidogo kwa kitufe, ila sasa unageuza kidogo, na macho hayapotezi upeo, ule mstari ambapo anga inakutana na dunia.

Kama fedha inatosha mbili tu

Usiziweke ubavu kwa ubavu ukakaa katikati yake, kwa sababu fremu mbili zitakuja kukutana mbele ya pua yako, mahali pale pale unapoitafuta njia ya kutua. Weka moja mbele kabisa na ya pili kushoto. Rubani mkuu anakaa kiti cha kushoto na mzunguko wa kawaida wa kutua ni wa kukata kushoto, hivyo upande huo ndio utakaoutumia zaidi. Ya kulia itakuja siku nyingine bila kubomoa chochote.

Kununua

Zichague za aina moja na modeli moja. Monita mbili za kampuni moja lakini modeli tofauti zinaweza kuwa na weupe tofauti, kimo tofauti cha kioo na fremu tofauti, na jicho litaliona hilo kila dakika. Monita zilizotumika za maofisini ndizo ninazopendekeza kwa moyo wote, kwa sababu huingia kwa mafungu ya modeli moja na karibu zote zina matundu manne ya skrubu nyuma. Hakikisha matundu hayo yapo: yanakaa kwa mraba wa milimita 75 au 100, na skrubu zake ni M4. Monita isiyo na matundu itakutesa kwenye hatua ya stendi.

Dukani, au kwa ndugu anayekununulia Kariakoo, ombeni zote ziwashwe pamoja. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja baada ya nyingine, ijaze kioo chote. Nukta iliyokufa itaonekana, na kioo kilichofifia kona kitajitaja. Kisha simama ubavuni uitazame picha kwa upande. Rangi ikigeuka, hiyo iache, kwa sababu monita za pembeni ukiinama kidogo tu unazitazama kwa mshazari.

Zikisafirishwa kwa basi au treni hadi Kigoma, zisilazwe. Zisimame wima, kioo kwa kioo, katikati iwekwe boksi gumu na foronya au blanketi, na stendi za chini zifunguliwe zifungwe peke yake. Kinachovunja kioo mara nyingi ni kitako cha stendi kinachobonyea njiani.

Kompyuta na kebo

Monita moja ya 1920 kwa 1080 (Full HD) ina nukta 2,073,600. Tatu ni 6,220,800, ambazo ni robo tatu ya zile za skrini moja ya 4K. Kwa hiyo kadi ya grafiki (kifaa cha kompyuta kinachochora picha) inayoweza kucheza vizuri kwenye 4K itabeba monita tatu za Full HD, ingawa baadhi ya programu zinachora kila dirisha kama mandhari mapya na kazi inaongezeka. Ukipanda hadi 2560 kwa 1440 mara tatu, unazidi nukta milioni 11. Kwa kompyuta za wengi wetu, Full HD inatosha na ndege itaruka laini. Kumbukumbu ya kadi ya GB 8 ndiyo ningeianzia.

Kebo zote ziingie kwenye kadi ya grafiki yenyewe, siyo kwenye tundu la HDMI lililo juu, karibu na matundu ya USB. Lile ni la ubao mama. Kadi nyingi za sasa zina HDMI moja na DisplayPort tatu. Kebo ya kutoka DisplayPort ya kadi kwenda HDMI ya monita ni ya kawaida na inapatikana, lakini haifanyi kazi ikigeuzwa. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort unahitaji kigeuzi chenye umeme wake. Monita yenye VGA peke yake nayo inahitaji kigeuzi, kwa hiyo hesabu gharama hiyo kabla hujafurahia urahisi wa bei.

Mwenye laptopu yenye kadi ya grafiki ya kweli mara nyingi anaweza kuchomeka monita moja kwenye HDMI na nyingine kwenye USB-C. Vile vigeuzi vya USB vya kuongeza skrini usivitumie kwa mandhari ya nje. Vinafaa kwa ramani au vyombo vya ndege, vile vya kuonyesha kasi, mwinuko na kadhalika.

Meza, stendi, uzi na chaki

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, na ndipo watu wa Kigoma na Tabora tuna bahati, maana mbao nzuri tunazo. Meza ya mninga ni nzito na haitikisiki unapovuta fimbo. Meza nyepesi ya kiwandani inatetemesha picha kila unapogusa usukani, na picha ikitetemeka macho yanachoka haraka. Seremala mwambie upana wa meza usipungue sentimita 160 kwa monita tatu za inchi 24, na kina kiwe sentimita 80.

Stendi ya duka ni ghali na mikono yake hulegea. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa bomba la mraba: nguzo tatu fupi, kila moja na bati dogo lililotobolewa kwa mraba wa matundu ya monita yako. Matundu ya bati mwambie ayafanye marefu kidogo kwa wima, ili uweze kupandisha au kushusha kila monita milimita chache kabla ya kukaza. Mpelekee monita yenyewe, au karatasi uliyochorea matundu kwa kuigandamiza nyuma ya monita. Usimpe namba za mdomo.

Kimo: katikati ya kioo kiwe sawa na macho yako ukiwa umekaa. Simulata huchora upeo katikati ya picha ndege ikiwa sawa, na rubani huona upeo usawa wa macho.

Sasa uzi. Dondosha uzi wenye kokoto kutoka kwenye paji lako hadi sakafuni ukiwa umekaa. Hapo ndipo macho yako yalipo. Usogeze kiti, simamisha mahali hapo fimbo ya mbao, na juu yake, kwenye kimo cha meza, piga msumari. Funga uzi wa sentimita 60, au umbali wowote uliouandika, shika chaki mwisho wake, chora tao juu ya meza. Weka monita ya kati kwanza, katikati ya kioo chake ikigusa tao. Monita ya kushoto nayo katikati yake iguse tao, fremu yake ikigusana na fremu ya kati. Halafu pima kutoka kwenye msumari hadi ukingo wa kulia na ukingo wa kushoto wa kioo hicho. Kwa inchi 24 na sentimita 60 kila ukingo unatakiwa kuwa sentimita 65.6. Kingo zikitofautiana, monita haijakutazama. Igeuze taratibu hadi namba zilingane. Rudia kulia. Zungushia chaki kwenye vitako vyote, kisha mwite fundi akaze.

Ukishamaliza, upana kamili wa monita pamoja na fremu uupime pia. Tuseme ni sentimita 54.5. Fanya hesabu ile ile ya tan kwa namba hiyo na utapata takribani nyuzi 49. Hizo ndizo nyuzi za kutoka katikati ya monita moja hadi katikati ya jirani yake. Weka namba mbili akilini: 48 ni pembe ya kuona ya kila kioo, 49 ni mgeuko. Tofauti ya nyuzi moja ndiyo kipande cha dunia kinachofichwa na fremu, kama nguzo ya kioo cha ndege inavyoficha.

Umeme

Kompyuta ya simulata ikiwa kazini hula kama wati 400, na monita ya inchi 24 wati 20 hadi 30. Jumla ya karibu wati 475 kwa saa tatu ni uniti 1.4 za LUKU, kwa hiyo hesabu yake inabebeka. Kinachoua mitambo ni umeme unaoruka juu na chini na ule unaokatika ghafla. Weka UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) yenye uwezo wa wati 900 hivi, uchomeke kompyuta na monita ya kati kwenye upande wenye betri. Za pembeni zinaweza kuzimika bila hasara. Dakika chache za betri ni za kuzima kompyuta kwa utaratibu. Usizitumie kumalizia kutua.

Masika na vuli radi za ziwani si za kuchezea. Ukiisikia inakaribia, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa intaneti.

Kwenye Windows

Washa, bofya kulia kwenye eneo wazi la skrini, fungua mipangilio ya skrini, na uchague kutandaza picha kwenye monita zote badala ya kuirudia. Bonyeza kitufe cha kutambua, namba zitatokea juu ya kila kioo. Buruta vile vibweta mpaka mpangilio ufanane na meza, vikiwa vimepangana juu bila kupandana. Monita ya kati iwe kuu. Ukuzaji wa maandishi uwe asilimia 100 kwa zote na kasi ya kuonyesha upya iwe moja, mfano hezi 60. Kisha kwa vitufe vya monita zenyewe linganisha mwanga na rangi, ukitumia picha ya kijivu kwenye zote tatu.

Kwenye simulata

X-Plane 12 ndiyo inayonyooka zaidi kwa kazi hii, na kwa sisi wa intaneti ya vifurushi ina faida nyingine: mandhari unayapakua mara moja, unachagua sehemu za dunia unazotaka, basi. Ingia kwenye mipangilio ya grafiki, utaziona monita zako. Kila moja ipe kazi ya kuonyesha simulata kwa skrini nzima, kisha fungua mpangilio wa migeuko ya mtazamo. Monita zote tatu zipe pembe ya kuona ya nyuzi 48. Ya kushoto mgeuko wa pembeni hasi 49, ya kulia chanya 49, ya kati sifuri. Ukiona picha zimebadilishana, badilisha alama.

Microsoft Flight Simulator ilipata uwezo wa madirisha mengi mwaka 2022, nao uko kwenye sehemu ya majaribio ya mipangilio. Unaongeza dirisha kwa kila monita na kuligeuza. Picha zake ni za kupendeza mno, ila kila dirisha linachorwa upya, kwa hiyo punguza ubora kwanza na uweke kikomo cha picha 30 kwa sekunde. Mandhari yake huvutwa mtandaoni, na kifurushi kitaisha upesi.

FlightGear ni ya bure kabisa na inakubali monita nyingi, lakini kamera zake unazipanga kwa kuandika faili la XML kwa mkono. Mwanafunzi mwenye subira atafika.

Utasikia pia kuhusu kuunganisha monita tatu ziwe kioo kimoja cha 5760 kwa 1080, watengenezaji wa kadi za grafiki NVIDIA wakiita Surround na AMD Eyefinity. Ni haraka, ila programu inadhani unatazama ukuta mmoja bapa. Ukikunja monita za pembeni, milima inavutika na kunenepa. Itumie ikiwa tu programu yako haina njia nyingine.

Kupima angani

Usipime ndege ikiwa sawa. Ikiwa sawa, upeo unapita katikati ya kila kioo hata kama pembe zote ni za kubahatisha, nawe utadhani umemaliza. Paa na ndege ndogo ya Cessna 172 kutoka Kigoma, shika kaskazini ukifuata ufukwe kuelekea Gombe, na ubaki juu ya maji. Ziwa liko takribani futi 2,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo altimita (kipima mwinuko) ikisoma 3,500 uko futi 1,000 juu ya mawimbi. Kushoto ni ziwa, kulia ni vilima vya Gombe vinavyopanda hadi mita kama 1,500, juu kuliko wewe, navyo vitaijaza skrini ya kulia.

Sasa laza bawa nyuzi 30 na utazame mahali fremu zinapokutana. Upeo unatakiwa uingie kwenye fremu na kutokea upande wa pili kwenye mstari ule ule. Mstari wa upeo ukiruka juu au chini hapo, mgeuko au pembe ya kuona haijalingana. Ili ujue ipi, chagua kilima kimoja na ukiache kipite kwenye mwungano. Kikionekana kwenye skrini mbili kwa wakati mmoja, mgeuko ni mdogo. Ongeza nusu nyuzi. Kikipotea muda mrefu kuliko upana wa fremu unavyostahili, punguza. Pembe ya kuona usiiguse ikiwa uliipima kwa futi.

Atakayekuwa amesimama nyuma yako atakuambia upeo umevunjika, naye atakuwa anaona kweli. Picha imepangwa kwa macho ya aliye kwenye kiti peke yake.

Skrini ya vyombo

Kadi nyingi za NVIDIA zinabeba skrini nne. Ya nne iweke chini ya monita ya kati, imeinama kidogo kukutazama, kwa ajili ya vyombo. Hapa ndipo zile monita za zamani za mraba za inchi 17 zinapopata heshima, kwa sababu haihitaji kufanana na nyingine. Kwenye Microsoft Flight Simulator shikilia Alt ya kulia na ubofye chombo cha kidijitali chenye skrini, kitachomoka kuwa dirisha utakaloliburuta chini. Kwenye X-Plane skrini hiyo unaweza kumpa mwalimu, akakuzimia injini au akabadilisha hali ya hewa bila wewe kuona mkono wake. Vijana wawili wanaojifunza pamoja watafaidi sana hapo.

Mwisho, namba zako zote, umbali, pembe na migeuko, ziandike kwenye karatasi na uibandike chini ya meza, na mipangilio ya X-Plane iliyo kwenye folda ya Output, ndani ya preferences, uinakili kwenye flashi. Programu ikijisasisha na kukurudisha kwenye picha moja, utairudisha ndani ya dakika tano.